Lundo Moja, Nafasi Moja

Monika Semhando alikuwa amepiga magoti jikoni akisiriba sakafu kwa udongo mwekundu, mikono imezama hadi juu ya viganja, wakati mwenyekiti wa kitongoji alipopiga hodi na simu yake mkononi. Monika hakuweza kuishika. Mwenyekiti, Bwana Ngereza, akainama akamwekea sikioni, akabaki ameinama hivyo kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji.

Sauti ilikuwa ya Dokta Zamaradi, yule mtafiti wa chuo. Alisema nafasi kwenye majaribio ya dawa imepatikana. Monika akashukuru, kisha akauliza ni nafasi ngapi. Dokta akasema ni moja. Jina la mgonjwa linatakiwa kesho asubuhi, na wa kulitaja ni Monika mwenyewe, kwa kuwa gunia la mdalasini liliandikwa jina lake.

"Mama, umenisikia?"

"Nimekusikia."

Bwana Ngereza alitaka kujua kuna nini. Monika akamwambia ni habari za ugonjwa wa sukari, akaendelea kusiriba. Udongo ukikaukia njiani hupasuka, na kazi huanza upya.

Sasa ninyi mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo, nawapa jambo hili kama lilivyo, na mimi sina jibu lake. Mwenye mchele wa kupepeta apepete, mwenye mtoto wa kunyonyesha anyonyeshe. Masikio hayachafuki kwa kazi.

Monika ni mjane. Anaishi milimani, juu ya Muheza, kule kunakonyesha sana na mdalasini kustawi. Alizaa watoto watatu, akawalea wote wakawa watu wazima, na wote watatu wakapata kisukari kama marehemu baba yao. Wanaishi boma moja na wanakula chungu kimoja.

Wa kwanza, Siprian, alipewa mkono wa miti. Alichochomeka ardhini kilishika. Watu walisema Siprian akisahau fimbo shambani, wiki ijayo ataikuta na majani.

Wa pili, Felista, alipewa mkono wa kisu. Tawi la mdalasini akilikwangua na kulipasua mara moja kwa urefu, gome lilitoka zima, bila tundu na bila mchubuko, kama soksi inavyovuliwa mguuni.

Wa tatu, Beda, hakupewa mkono wa kitu chochote. Alipewa kusubiri. Ukimwambia nisubiri hapa, ukirudi utamkuta hapo hapo, hata kama mvua imepita katikati. Dada yake alikuwa akimtania kwamba hata foleni ya kwenda kuzimu Beda atawapisha wenzake, na akifika mlangoni atakuta pamefungwa.

Dokta Zamaradi alipofika mara ya kwanza alikaa nao uani akawaeleza anachotafuta. Alieleza vizuri, hata Monika aliyeishia kidato cha nne akamwelewa.

Alisema damu ina protini ndani yake, na protini hizo zina kazi: kubeba vitu mwilini, kuzuia maji yasivuje kutoka kwenye mishipa, kuziba jeraha. Sukari ikizidi kwenye damu na ikakaa humo muda mrefu, huanza kunata kwenye protini. Inanata polepole, kama mkate unavyopiga rangi tanuruni, na ikishashika haibanduki. Protini iliyonatiwa hivyo huharibika, na ikiharibika huharibu na vingine: mishipa ya macho, figo, nyama ya miguu. Ndiyo maana Siprian ana kidonda cha kisigino kisichofunga, Felista anavimba miguu na mkojo wake unatoa povu, na Beda anaona mambo kama yuko nyuma ya chandarua.

Kisha Dokta akasema iko mimea ambayo ndani yake mna vitu vinavyoonekana kuizuia sukari isinate. Gome la mdalasini ni mojawapo ya aliyotaka kuipima. Lakini la dukani hakulitaka. La dukani limechanganywa, halijulikani limetoka mti gani wala limelala wapi. Alitaka gome analolijua tangu mtini mpaka kwenye chupa yake.

Hapo ndipo kila mmoja wa watoto wa Monika alipoingia na chake.

Siprian alitoa miti. Miaka ya nyuma, mdalasini ulipokosa wanunuzi, mlima mzima ulishika mapanga. Watu walikata wakapanda miti ya mbao. Siprian hakukata. Majirani walimwambia anafuga kuni. Aliendelea kupalilia shamba la baba yake kwenye mteremko mkali, na kidonda chake kimefungwa kitambaa, akishuka kwa makalio pale mguu ulipokataa. Dokta alipozunguka kijiji kutafuta miti ya zamani isiyowahi kupigwa dawa, yenye mwenyewe anayeujua umri wake, aliikuta kwa Siprian tu. Siprian angekata kama wenzake, kusingekuwa na gome la kupimwa.

Felista alitoa gome. Mdalasini hubanduliwa mvua zikiwa zimekolea, kwa sababu ndipo gome huachia mti. Lakini mvua hizo hizo huliotesha ukungu kabla halijakauka. Nyumba nyingine zilibandua matawi ya mashina machanga waliyobakiza kwenye mipaka, nazo zikapeleka magunia yao. Dokta aliyarudisha yote, yananuka ukungu. Felista alibandua akiwa ameketi kwenye matope, miguu yake iliyovimba imewekwa juu ya gogo. Kisha akayatundika magome yake darini, juu ya jiko, mbali na moshi kwa kiasi na karibu na joto kwa kiasi, akawa anapanda ngazi kuyageuza moja moja. Mama yake alimkataza kupanda. Alipanda. Gome lake lilifika chuoni limekauka, linalia likivunjwa. Felista angelala siku zile, kusingekuwa na gome la kupimwa.

Beda alitoa damu. Dokta alihitaji damu ya mtu mwenye kisukari, mtu yule yule, kila baada ya muda, naye awe hajala tangu jana yake. Walijitokeza wengi. Wengine walikuja mara mbili wakaacha. Mmoja akaeneza kwamba damu inauzwa Nairobi. Beda aliendelea kushuka mlima na tumbo tupu mpaka zahanati ya chini, akakaa kwenye benchi mpaka aitwe, akatoa mkono, akapanda tena. Siku moja alianguka getini, wakamnywesha chai ya sukari, ndiyo, ya sukari, maana siku hiyo sukari ilikuwa imeshuka. Safari iliyofuata akawa mtu wa kwanza kwenye benchi. Beda angechoka, gome lingekuwepo, lakini kusingekuwa na damu ya kulijaribia.

Na sasa sikilizeni jambo la gunia, maana msipolielewa hili mtadhani kuna mtu aliyefanya ubaya.

Kule mlimani, siku ya kubandua mdalasini kila mtu huleta alichobandua na kukiweka kwenye lundo moja. Lundo haliitwi la mwenye miti wala la mwenye kisu. Linaitwa kwa jina la aliyewapikia wafanyakazi siku ile. Mpaka likauke, hakuna anayesema hili langu. Atakayesema ataambiwa basi nenda kajipikie. Ndivyo walivyolelewa, nao hata hawalihesabu kuwa ni mila. Ni adabu tu, kama kunawa kabla ya kula.

Kwa hiyo Dokta alipotoa kalamu yake nene na kuuliza gunia hili ni la nani, Siprian na Felista walijibu kwa pamoja kwamba ni la mama. Dokta akaandika MONIKA. Akauliza na chupa za damu ziende kwa jina gani, maana Beda hakutaka jina lake lizunguke huko. Beda akasema ziende na gunia. Wakacheka, wakanywa chai, Dokta akaondoka.

Hakuna aliyejua kitu wakati ule, hata Dokta mwenyewe. Amri ilikuja baadaye, kutoka kwa wakubwa wa utafiti: kila jina lililochangia lipewe nafasi moja, kwa mgonjwa mmoja. Kama gunia lingeandikwa Siprian na Felista, na chupa zikaandikwa Beda, zingekuwa nafasi tatu. Liliandikwa jina moja.

Na majibu yalikuwa mazuri, hilo ndilo linalouma. Dokta aliwaita chuoni wakaonyeshwa. Majimaji ya damu ya Beda yalikuwa kwenye vichupa viwili, vyote vimetiwa sukari na kuwekwa kwenye joto la mwili kwa majuma. Kimoja kilitiwa pia kitu kilichotolewa kwenye gome, kingine hakikutiwa. Dokta akazima taa ya chumba akawasha taa ndogo ya zambarau. Kichupa kisicho na gome kikawaka rangi ya buluu, kizuri kama kito. Monika akasema kinapendeza. Dokta akamwambia kile kinachowaka ndicho kilichoharibika. Kichupa chenye gome kilibaki karibu giza.

Felista aliuliza kama basi wamepona. Dokta akasema hapana. Akasema kwenye kichupa gome linalinda. Mwilini hakuna anayejua bado, tumbo linaweza kulisaga likaisha kabla ya kufika kwenye damu. Ndiyo sababu wanatafuta watu wa kujaribu nao. Atakayepata nafasi atapewa vidonge vilivyopimwa, na pamoja navyo dawa zake za kila siku bila kukatika, kupimwa figo na macho, na daktari wa kumwangalia kwa miaka. Kidonge huenda kisifae kitu. Lakini kuangaliwa kutafaa, hilo Dokta alilisema bila kusita. Aliwakanya pia wasiende nyumbani kuchemsha magome na kuacha dawa za hospitali. Jirani yao mmoja, Mama Skola, alikuwa ameshafanya hivyo. Alishushwa mlimani kwa machela.

Basi, turudi siku ile ya simu.

Monika alimaliza sakafu, akanawa, akawaita wanawe watatu uani. Anjela, mke wa Beda, akaja pia, na hakuna aliyemwambia aondoke. Monika hakuzungusha. Alisema ni nafasi moja, ni mpaka kesho asubuhi, na kinachotakiwa ni jina.

Siprian akasema wapige simu tena, lazima Dokta hakuelewa. Wakapanda wote mpaka kwa Bwana Ngereza, Siprian nyuma yao kwa fimbo. Dokta akapokea. Alisema ameshaomba, ameomba mara nyingi, nafasi zimejaa watu wa vijiji vingine, na kuongeza mtu ni kumtoa mtu ambaye naye ana mama. Beda akaomba aongee. Akauliza kama vidonge vya mtu mmoja vinaweza kugawanywa mara tatu, wao wamezoea kugawana. Dokta akasema damu ya atakayeandikwa itapimwa, na wakigawana vidonge havitamfaa hata mmoja wao, na utafiti wote utakuwa umesema uongo. Monika akauliza, je, asipotaja mtu?

"Mama, usipotaja nafasi inakwenda kwa mwingine. Nisamehe."

Wakashuka. Walipofika uani maneno yalianza.

Siprian alianza kwa upole. Alisema yeye ndiye mkubwa, na miti ndiyo mwanzo wa yote.

"Bila mti, Felista, ungebandua nini? Ungebandua mlango?"

Felista akamwambia miti hata isipopandwa na mtu huota, lakini gome halijikaushi. Angemwachia yeye Siprian kukausha, leo Dokta angekuwa na gunia la uyoga. Siprian akasema uyoga nao unaliwa. Walicheka kidogo, kisha wakaacha, kwa sababu hakukuwa na kicheko cha kuwapeleka mbali.

Anjela akasema yeye si wa damu yao, lakini ana swali. "Pale kwenye taa, gome lililinda damu ya nani?"

"Shemeji, damu hata mimi ninayo," Siprian akasema.

"Ulikuwa nayo siku zote, kaka. Mbona hukuishusha zahanati?"

"Na mguu huu?"

"Mguu huo unakupeleka shambani."

Monika akamwambia Anjela basi. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa. Siprian akaufungua mguu wake mbele yao akaanza kuufunga upya, na hakuna aliyeweza kutazama pengine. Kidonda kilikuwa kimekula mpaka kwenye mshipa. Daktari wa wilaya alikwishataja neno kukata.

Felista akasema kama ni kuonyeshana maradhi, naye anayo. Akabonyeza shavu la mguu wake kwa kidole gumba, akatoa kidole, shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Alisema figo hazina fimbo ya kutembelea. Zikisimama, zimesimama.

Beda hakuonyesha kitu. Anjela akamsemea kwamba juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, na mtoto wao mdogo ndiye aliyemwongoza mkono. Alisema Beda ndiye pekee kati yao mwenye watoto wadogo, na pia ndiye ambaye ugonjwa haujamfikisha mbali. Dawa ikimwahi yeye itaokoa kingi.

"Kwa hiyo sisi tumeshakwisha," Felista akasema.

"Sikusema hivyo, wifi."

"Umesema vizuri tu. Nimeelewa."

Monika aliwasikiliza wote. Yeye ni mtu wa kupima mambo, nyumba hii imesimama kwa sababu anapima. Alijaribu kupima kwa kazi: mti, gome, damu, ukiondoa kimoja, viwili vilivyobaki havina maana. Alijaribu kupima kwa ugonjwa: mguu, figo, macho, alipomweka mmoja mbele, wawili walimtazama. Alijaribu kupima kwa miaka iliyobaki, akaona aibu, akaacha. Alitafuta hata wa kumwonea, hakumpata. Angekuwa na mtoto mmoja mvivu angalau, au mlevi, kazi ingekuwa nyepesi. Hakumzaa.

Akawaambia ukweli mwingine pia, kwamba kama angekuwa na kisukari yeye mwenyewe angejitaja, na wote wangekasirika naye kwa pamoja, na mambo yangeisha. Lakini alikuwa amepimwa zaidi ya mara moja, na sukari yake ni ya mtu mzima wa afya.

Felista ndiye aliyetoa wazo la kura. Vijiti vitatu, kimoja kifupi, Anjela avishike. Siprian akakubali haraka mno, Beda akakubali polepole. Monika akakataa.

"Kura mtapiga ninyi mkipenda, kwa shamba, kwa mbuzi. Hapa nimeulizwa mimi. Sitamwambia Dokta kwamba kijiti kimesema."

Alilisema kwa ukali, na baadaye, alipokuwa amekwenda kuchota maji, alijiuliza kama ukali ule ulikuwa haki au ulikuwa kiburi tu. Kijiti kingewaacha wawili wakilaumu bahati. Sasa watamlaumu mama. Lakini aliona pia kwamba mtu aliyeachwa na kijiti hana wa kumuuliza kwa nini, na wanawe wawili atakaowaacha wanastahili kuwa na mtu wa kumuuliza.

Aliporudi na ndoo aliwakuta wamekaa walivyokuwa. Wakati hayupo walikuwa wamekubaliana jambo, na Siprian ndiye aliyelisema. Alisema lundo ni la mama, basi mama aseme. Atakayemtaja ndiye, na wawili wengine hawatauliza, wala hawatamnunia.

"Umesikia, mama?" Felista akasema. "Hatutakuuliza."

Walidhani wamempunguzia mzigo. Monika akaweka ndoo chini. Akawatazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa akaangalia pembeni, isipokuwa Beda, ambaye labda hakuona vizuri kwamba anatazamwa.

"Mimi naweza kusubiri," Beda akasema. "Kama itatokea nyingine."

Anjela akainuka akaingia ndani. Wote walijua kwamba hakuna nyingine. Na Monika alikumbuka kitu kimoja zaidi, cha kule chuoni taa ilipozimwa: ile buluu nzuri ilikuwa ya Beda. Lakini Dokta alikuwa amemweleza siku ile ile kwamba damu ya wale wawili haikupimwa hivyo, na ingepimwa huenda ingewaka zaidi. Kwa hiyo hata hilo halikumsaidia.

Jua lilipoanza kuzama Monika aliwasha moto. Alipika kisamvu na ugali wa dona, mgumu, kama walivyofundishwa kliniki kwamba mgumu na mdogo ni bora. Alipakua kwa kipimo chake cha kila siku: ugali wa ukubwa wa ngumi kwa kila mgonjwa, mboga kwa wingi. Siprian alilalamika kama kawaida kwamba ngumi ya mama ni ndogo, achukue ya Bwana Ngereza. Felista alimwambia ale na fimbo yake kama haijatosha. Anjela alitoka ndani, macho mekundu, akakaa karibu na mumewe akamsogezea bakuli mahali mkono wake unapofika. Watoto wao wawili walibanana kwenye mkeka mmoja wakigombea nani amekanyaga nani.

Monika alisimama na mwiko mkononi akahesabu, kama anavyohesabu kila jioni kabla ya kuketi. Siprian. Felista. Beda. Anjela. Mtoto, mtoto. Na yeye mwenyewe. Wote wapo. Alihesabu mara ya pili, na mara ya pili pia walikuwepo wote.

Akaketi. Wakanawa, wakala.

Mimi sikuambiwa alitaja jina gani, na hata ningeambiwa nisingewaambia. Aliyepanda asipopata, miti ilimfaa nini? Aliyebandua asipopata, zile ngazi alizipanda kwa ajili ya nani? Aliyetoa damu asipopata, damu yake ililindwa kwenye kichupa tu. Na kukaa kimya ni kuwanyima wote watatu. Msiniambie mama angefanya hivi au vile kabla hamjazamisha mikono kwenye udongo na kusikia simu sikioni.

Je, wewe uliyeshika mwiko, ungemtaja nani?